Kinanda Kisicholia

Bariadi,
5 Machi 1995

Kaka yangu Constantine,

Sasa hivi mpwa wako Nyanjige amezilaza betri mbili za redio kwenye mkeka, akazifunika kwa kanga yangu, na anazipigapiga mgongoni: "Lala, lala." Nimekohoa kidogo tu, akanijia mbio kuniziba mdomo kwa kiganja. Basi nakuandikia kimyakimya, wajukuu zangu wasiamke.

Mwadila, kaka. Kwetu ni mhola duhu, amani tu. Mama huko Ipililo kifua kimepungua, nilimwona wiki iliyopita akipalilia karanga na kugombana na mbuzi wa jirani, ndiyo nikajua amepona. Mpwa wako ana meno ya juu na ya chini, na ananiuma. Mvua imetupenda. Pamba tumepalilia mara ya pili, na watu wanasema mwaka huu wanunuzi watakuwa wengi, siyo ushirika peke yake, kila tajiri atakuja na mzani wake. Tutaona kama mizani nayo itakuwa na tabia nzuri.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini. Ile homa ya Januari shemeji yako Luhende alipona, Mungu ashukuriwe, anakula, anatembea. Ila redio amezichoka. Lile sanduku lake la ufundi amelipiga kufuli na kulisukuma uvunguni. Siku nzima anashika gazeti moja la Kizungu lililokuja limefungiwa viatu ndani ya belo la mitumba la Mzee Hamimu, mwenye duka. Ni gazeti la watu wanaopenda kuchezea umeme. Ukurasa wa katikati kuna picha ya kompyuta, lakini kaka, siyo kama unazozijua. Hii ni ndogo, haizidi daftari la kaunta. Wanaandika ni ya mtu wa kawaida, ya kujifunzia nyumbani kwa kupenda tu. Ameuangalia ukurasa huo mpaka wino umehamia kwenye kidole gumba.

Wewe uko Dar es Salaam, mnaona vinavyoshuka bandarini. Nitafutie. Iwe ndogo. Isile umeme mwingi, maana umeme wetu ni betri ya gari. Na bei yake iwe ya mbuzi, isiwe ya ng'ombe.

Usiniulize ya nini. Nitafutie tu.

Mdogo wako,
Felisita


Dar es Salaam,
28 Machi 1995

Mdogo wangu Felisita, Mama Nyanjige,

Barua yako imefika na harufu ya moshi wa kuni, nikaona njaa. Nashukuru kusikia Mama anagombana. Mbuzi wa jirani aendelee hivyo hivyo, ni dawa kuliko za hospitali. Mimi mzima. Hapa joto linatuchemsha kama viazi, na ofisini kwetu shirika lina maneno maneno, mara wazungu wanakuja kukagua, mara hawaji. Usijali, nipo.

Sasa hilo la kompyuta. Niliwasomea wenzangu wa uhasibu, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Dada, kompyuta ya shirika letu ina chumba chake, ina kiyoyozi chake, inafunikwa kitambaa jioni kama bibi harusi, na anayeingia anavua viatu. Nina miaka sita humu na sijavua viatu bado! Juzi juzi tu kuiingiza nchini ilitaka kibali cha wakubwa. Leo wewe unataka ya bei ya mbuzi, ikae Bariadi, ile umeme wa gari.

Lakini nitauliza. Siku hizi Kariakoo kuna kila kitu, hata visivyo na majina. Ila nikuulize hilo hilo ulilonikataza: tangu lini Luhende akachoka redio? Siyo huyu aliyekuja kwetu kuposa, akaikuta redio ya marehemu Baba imekufa, akaacha wazee wanaongea ng'ombe, yeye akaketi pembeni kuifungua? Wajomba walikasirika. Baba ndiye aliyesema, "Mtu asiyeweza kuacha kitu kibovu, mpeni mtoto." Mtu huyo hachoki redio.

Jumamosi inayofuata Pasaka, saa sita mchana, nitapiga simu dukani kwa Mzee Hamimu. Mwambie shemeji awe pale. Nina jambo langu nataka kumwambia yeye kama mwanamume mwenzangu, na nimsikie kwa sauti yake anataka kompyuta gani.

Kaka yako,
Constantine


Bariadi,
21 Mei 1995

Kaka yangu,

Ni mwezi sasa tangu simu yako, na hujaandika. Mwanzo nilisema labda stempu zimekwisha Dar es Salaam. Halafu nikasema labda wazungu wa ukaguzi wamewafungia ndani. Sasa sina la kusema, ndiyo maana naandika.

Sisi hatujambo. Tumeanza kuchuma pamba, mikono yangu imechanika kama ya mwanamke mzee. Nyanjige anachuma pia, anachuma ya kwangu kwenye kapu na kuirudisha kwenye mti. Mama amekuja kukaa siku chache, ameondoka na jogoo wetu mwekundu, anasema jogoo ndiye aliyemfuata.

Siku ya simu mimi nilikuwa kliniki na mtoto. Nilirudi mbio nikamkuta Luhende ameketi barazani. Nikamuuliza kaka kasema nini. Akasema, "Anasalimia." Nikasema, na nini tena? "Anasalimia tu." Kaka, mtu hapigi simu kutoka Dar es Salaam kusalimia tu. Mlizungumza nini? Kuna aliyemkosea mwenzake?

Nikuambie ukweli kidogo, halafu usinidai mwingine. Nyumba yangu imekuwa kimya. Unakumbuka sauti ya Luhende. Alipokuwa akiniita kutoka kwenye meza yake ya ufundi, "Mama Nyanjige!", kuku walikuwa wanakimbilia nyuma ya nyumba wakidhani ni mwewe. Sasa haniiti. Akitaka maji anakuja mwenyewe na kusimama mlangoni mpaka nimwone. Na mjini wameanza kumsema. Mwalimu Kristofa wa kwaya alimwambia "mwangaluka" mara mbili njiani, hakuitikia hata moja. Wewe unajua kwetu mtu asiyeitikia salamu anavyoonekana. Wanasema fundi amepata maringo.

Na sasa amesema pamba ikishauzwa atakwenda machimbo ya dhahabu. Kushuka shimoni, kaka. Amesema kule wanahitaji mikono tu. Nimelia, akageuza uso ukutani.

Ile kompyuta siyo mchezo wangu. Kama ipo, ije kabla pamba haijaisha shambani.

Felisita


Dar es Salaam,
25 Juni 1995

Felisita,

Nimepata barua. Mimi mzima.

Utaona anwani imebadilika. Uniandikie kwa sanduku la posta lililo nyuma ya bahasha, ni la duka la rafiki yangu Khatibu. Usiandike tena shirikani, barua zinapotea.

Kuhusu simu, muulize mume wako. Nilimweleza jambo kubwa kuliko yote yaliyonipata tangu Baba afariki, na nikamwomba asikuambie kwanza. Naona ametunza siri vizuri. Lakini maneno aliyonijibu siku ile sijayasahau, na sidhani nitayasahau. Sikujua ana moyo wa namna hiyo.

Khatibu anauza vyombo vya umeme vilivyotumika, vinatoka Uarabuni kwenye makontena. Anasema vile vidude vya kwenye gazeti anavijua, aliwahi kuviona. Nimemwambia aangalie. Nafanya hivyo kwa ajili yako na mtoto.

Msalimie Mama.

Constantine


Bariadi,
9 Julai 1995

Kaka yangu, mtoto wa mama yangu,

Leo sisalimii kwa mzunguko. Nyanjige mzima, Mama mzima, pamba iko gunia la mwisho.

Luhende hasikii.

Nimeliandika, na mbingu hazijaanguka. Hasikii kabisa, masikio yote mawili. Ile homa ilikuwa ya uti wa mgongo. Daktari alisema tushukuru amebaki hai, wengi hawabaki. Alipoamka siku ya nne aliniona midomo inacheza, akadhani nafanya mzaha. Halafu akaomba redio. Akaiwasha, akaigeuza, akaifungua nyuma, akagusa hiki na kile, akaiweka sikioni. Mimi naisikia inaimba, kaka. Inaimba wimbo mzuri tu. Yeye anatafuta ilipoharibika.

Ndiyo sababu ya kufuli kwenye sanduku. Redio unaitengeneza kwa sikio.

Alinikataza kusema kwa mtu. Na sauti yake ndivyo ilivyokufa. Siku moja sokoni aliongea, haijui tena kama ni kubwa au ndogo, watu wakageuka na kucheka. Tangu hapo maneno anayatoa moja moja, kama mtu anayelipa. Nilianza kumwandikia kwa mkaa kwenye mlango, akafuta. Akasema nimemfanya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Bora waseme ana maringo kuliko waseme masikini.

Na mimi nilinyamaza kwako kwa sababu nilikuogopa. Niliogopa mtaitisha kikao huko Ipililo, wajomba waseme mtoto wetu arudi, ng'ombe wa mahari wahesabiwe. Kaka, nakuomba, usije kunichukua. Sijateswa, sijalala njaa. Nampenda kama siku ile alipoifungua redio ya Baba.

Kwa hiyo siku ya simu hakusikia kitu. Mke wa Mzee Hamimu alimpa chombo mkononi, na akikataa siri inatoka. Akakishika, akawa anasema maneno yake. Leo nimemwonyesha barua yako. Ameisoma mara mbili, akakaa chini kwenye vumbi. Ulimwambia nini? Na yeye alikujibu nini?

Anakwenda machimboni. Begi lipo tayari nyuma ya mlango. Mtu asiyesikia, chini ya ardhi. Wakipiga kelele "Toka, linaanguka!" nani atamgusa bega?

Ile kompyuta, kaka, inasema kwa macho. Unaiandikia, inakujibu kwenye kioo. Ndiyo maana aliushika ukurasa ule. Hajaniambia hivyo, lakini mimi ni mkewe.

Felisita


Dar es Salaam,
30 Julai 1995

Felisita, dada yangu, mwangaluka, mwadila, na salamu zote nilizokunyima,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni kwa Khatibu. Nikaanza kulia. Halafu nikakumbuka ile simu, nikaanza kucheka, machozi hayajakauka. Khatibu akamwambia mteja, "Samahani, huyu leo kapandwa na mashetani."

Nikuambie sasa. Nilimpigia Luhende kumweleza kwamba shirika limetupunguza kazini. Shirika linauzwa, na sisi wengi tumeambiwa kwaheri. Sikuweza kukuandikia wewe, ungemwambia Mama, na Mama huwaambia watu mwanangu anafanya kazi ghorofani. Nikaona nimweleze shemeji kwanza. Sikiliza mazungumzo yetu.

Mimi: "Shemeji, wamenifukuza kazi."

Yeye: "Vizuri sana! Mungu ni mwema!"

Mimi: "Luhende, nasema nimefukuzwa. Sina kazi."

Yeye: "Na sisi huku hivyo hivyo, tunafurahi."

Mimi: "Unafurahi?"

Yeye: "Sana! Karibu sana Bariadi!"

Na akakata. Nilisimama pale posta nimeshika simu kama mtu aliyepigwa na gunia. Miezi mitatu nimemchukia mtu aliyekuwa ananitakia heri! Nimwombee radhi vipi mtu ambaye hajui nilimkasirikia? Mpe mkono kwa niaba yangu. Mpe yote miwili.

Na hilo la kikao, futa. Nani akuchukue? Masikio ndiyo yaliyoharibika, mtu ni mzima. Baba alimpa binti yake mtu asiyeacha. Kumbe alikuwa amezaa mtoto asiyeacha pia. Mimi mwenyewe sasa niko dukani kwa Khatibu, naandika vitabu vyake vya hesabu asubuhi na kuuza mchana. Nakula vizuri kuliko ghorofani, na viatu navua nikitaka. Mama nitamwambia mwenyewe.

Sasa pokea. Jumatano imeondoka na basi la Mwanza, itabadilishwa gari huko. Ni ile ile ya kwenye gazeti, au ndugu yake. Ilikuwa chini kabisa ya kontena, chini ya feni na pasi, hakuna aliyejua ni nini, wakataka kuitupa. Khatibu ameitoa kwa bei ya mbuzi jike mwembamba. Ni nyeusi, vitufe vyake ni vya mpira, ukivibonyeza ni kama unabonyeza vidole vya Nyanjige. Nimekuchorea hapa pembeni uijue ukiiona. Haina kioo chake. Inachomekwa kwenye televisheni. Haina pa kutunzia ilichojifunza. Inatunza kwenye kaseti, hizi hizi za muziki, na inasoma kutoka kwenye redio kaseti. Umeme wake ni volti tisa, inakula kidogo kuliko taa ya pikipiki. Ila kifaa chake cha kuipunguzia umeme kimepotea huko ilikotoka. Khatibu anasema ikichomekwa moja kwa moja kwenye betri ya gari inaweza kuungua. Hapo sasa anatakiwa fundi. Mwambie Luhende hivyo hivyo: anatakiwa fundi.

Juu ya boksi nimeandika KINANDA. Khatibu ndiye aliyeshauri. Ukiandika kompyuta, makondakta watadhani mmebeba benki. Na kwa kweli inafanana na kinanda, kidogo. Jina lenu liko ubavuni.

Nisamehe.

Constantine


Bariadi,
17 Septemba 1995

Kaka yangu, mhola sana, mhola mpaka inamwagika,

Nyanjige hivi sasa amelaza kompyuta. Ameifunika, akaipigapiga, "Lala, lala," na baba yake amemsubiri kwa adabu ndipo akaifunua. Kwa hilo tu utajua tulipofika. Lakini ngoja nianze nyuma, maana umetutia aibu kanisani, wewe na kinanda chako.

Nilikwenda stendi siku mbili mfululizo. Siku ya tatu kondakta akaniambia, "Kinanda? Mwenyewe amekwisha kukichukua." Nikasema mwenyewe ni mimi. Akasema, "Mama, mwenyewe ana kanzu ya kwaya na amekuja akiimba." Kumbe Mwalimu Kristofa alikuwa ameahidiwa kinanda na padri mmoja wa Mwanza tangu mwaka juzi, na kila basi likija anauliza, "Kinanda chetu hakijafika?" Siku hiyo wakamwambia kimefika. Neno KINANDA uliliandika kubwa kama la bango la mkutano, jina letu ubavuni kama sisimizi. Angegeuza boksi saa ngapi? Alikuwa anacheza!

Mimi hilo sikulijua bado. Nilirudi nyumbani nikamwandikia Luhende mlangoni, "Imepotea." Safari hii hakufuta. Alichukua lile begi akaliweka karibu na mlango zaidi. Akasema Jumatatu.

Jumapili nikaenda kanisani peke yangu na mtoto, nimefunga leso mpaka machoni. Baada ya komunyo Mwalimu Kristofa akasimama, kwaya nzima imevaa sare, mezani kuna kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Akasema Bwana amejibu. Akasema kinanda chetu ni kidogo na bado hatujaona sauti yake inatokea wapi, lakini hata Daudi alianza na kombeo. Akafunua. Nikaona vitufe vya mpira. Nikaona mchoro wako, kaka, umeketi juu ya meza ya kanisa! Akabonyeza, akainama kusikiliza. Kimya. Akabonyeza kwa vidole kumi. Kimya. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Labda kinaogopa watu."

Na padri akaja na maji ya baraka.

Sijui niliinukaje. Nilipiga kelele, "Baba Padri, usiimwagie, ni ya umeme!" Kanisa zima likageuka. Matone yalikuwa yameshadondoka. Lakini vitufe ni vya mpira, yakakaa juu yametulia kama umande, nikayafuta kwa nguo ya mtoto, nasema, "Ni ya mume wangu, geuzeni boksi, someni ubavuni." Mwalimu Kristofa akasoma. Uso wake, kaka, ulinitia huruma. Halafu padri ndiye aliyeanza kucheka, na kanisa likacheka, hata wale wa sare.

Mwalimu aliibeba mwenyewe mpaka kwetu. Luhende alikuwa barazani. Mwalimu akamwamkia, Luhende akamwangalia tu. Nikaona Mwalimu anakaza shingo, na mimi nikachoka. Nikasema pale pale, mbele ya majirani waliokuwa wametufuata kuona kinanda: "Mwalimu, siyo maringo. Homa ilimchukua masikio. Hasikii." Akaweka boksi chini. Akavua kofia. Akaenda akamshika Luhende mikono yote miwili, akaitikisa kwa muda mrefu. Luhende akanitazama, akajua nimesema. Nilidhani atanikasirikia. Alishusha pumzi, kaka, kama mtu aliyeshushwa gunia. Jioni ile na kesho yake walikuja waliokuwa wakimsema, mmoja mmoja, kumpa mkono. Sasa wakimkuta njiani wanainua mkono juu, naye anainua. Ndiyo mwangaluka yao.

Nilimwonyesha barua yako, pale uliposema anatakiwa fundi. Aliuweka kidole juu ya neno hilo. Halafu akaingia uvunguni akavuta sanduku, ufunguo hakuupata, akavunja kufuli. Jumatatu ikapita. Alifungua redio tatu zilizokufa akatoa anachotaka, akachoma risasi ya kuungia nyaya, akapima, akachoma tena. Moshi ule ninaujua. Nilisimama jikoni nikaunusa tu.

Televisheni ametuazima Mzee Hamimu, ile ndogo aliyonunua kwa tamaa ambayo tangu ifike haijaonyesha kitu ila chenga. Kioo kikawa cheupe, pakatokea maandishi chini. Mzee Hamimu akasema, "Basi nayo ilikuwa inasubiri hii!" Ilipofika zamu ya kaseti, ile iliyokuja ndani ya boksi, ndiyo tuliona vituko. Kaseti ulitutajia, lakini hukusema kweli yote. Inalia kama fisi aliyebanwa na mlango. Nyanjige akaziba masikio, kuku wakahama, Mzee Hamimu akakumbuka ana mteja. Sisi wenye masikio tulikimbia wote. Akabaki Luhende, ametulia, kwa sababu kwenye kioo sauti ile inatokea kama mistari ya rangi, kwetu nyeusi na nyeupe, inapanda kama kitambaa kinachofumwa. Akawa anaongeza sauti ya redio kaseti, anapunguza, anaangalia mistari mpaka ikanyooka. Kaka, aliisikia kwa macho. Alitengeneza redio, baada ya miezi minane.

Sasa anaiandikia maneno ya gazeti na ya kwake, inachora duara, inachora nyota, inahesabu. Haina kazi. Mama alikuja akauliza itasaga nini. Nikamwambia haisagi, Mama, anaipenda. Amekaa nayo saa nzima, akaondoka na kuku mwingine.

Na mimi naandika juu yake. Mlangoni alikataa, ila hapa hakatai, hapa ni kwake. Kwa kidole kimoja niliandika, KARIBU CHAKURA. Akatazama. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka, kaka, kicheko chenyewe, akachukua kidole changu akakipeleka kwenye L. Nikamwandikia, SISI WASUKUMA TUNAJUANA. Hapo akacheka mpaka akashika meza.

Begi la machimboni anafunikia kompyuta isiingie vumbi. Sijamuuliza la safari, na sitamuuliza.

Wewe nimekusamehe kabla hujaomba. Mama anajua la kazi, na siku hizi anawaambia watu mwanangu yuko kwenye makontena, kwa sauti ile ile ya ghorofani. Sasa kaka, nilitaka nikuombe kitu kimoja cha mwisho, kama Khatibu anazo kaseti tupu, na kama kuna gazeti jingine la namna ile, hata kuukuu, umtafutie maana hili limekwisha kuraruka na

Ngoja. Kuna mtu anaita.

Kaka, ni yeye. Anaita kwa mdomo wake, "Mama Nyanjige! Mama Nyanjige, njoo uone!", sauti haina breki, mtaa wote unamsikia, kuku wamekimbilia nyuma ya nyumba, naenda, nitamalizia niki